Mkonge Hauulizwi

Desemba ya mwaka juzi nilikaa barazani kwetu Mazinde nikawaeleza ndugu zangu jinsi mkonge unavyokufa. Nilikuwa nimerudi likizo, nikiwa na wiki chache tu tangu nianze shahada ya uzamili ya ikolojia, na nilikuwa na ugonjwa wa kila mwanafunzi mpya: kila nilichokisoma nilitaka kumweleza mtu. Umeme ulikuwa umekatika. Hapakuwa na televisheni ya kushindana nami.

Niliwaambia kwamba mkonge unaweza kuishi miaka saba, minane, hata zaidi ya kumi, ukitoa majani yake mia mbili na kitu, moja baada ya jingine, bila kuchanua hata mara moja. Kisha siku moja unatoa mlingoti. Maji na sukari yote uliyokuwa umeweka akiba inapanda juu. Mlingoti unarefuka mpaka unaipita paa ya nyumba, maua yanatoka, yanapukutika, na kwenye matawi yale yale yanaota vikonyo, vinaweza kupita elfu moja, kila kimoja mche kamili wenye vijani vyake. Huku chini mama ananyauka. Vikonyo vinapoanguka na kushika mizizi, mama ameshakuwa kuni.

"Anatoa kila kitu," nilisema. "Hajibakizii."

Nilifurahi walivyonyamaza. Baba mkubwa, aliyekata mkonge miaka ishirini na tisa na kuuona ukitoa milingoti kuliko profesa wangu yeyote, alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za jirani yake wa zamani.

Juni iliyofuata, kwenye baraza ile ile, maneno yangu yalirudi. Babu alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalimtoka nusu nusu. Wakati huo huo mdogo wangu, binti wa miaka 17, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Kikao kiliitishwa baada ya magharibi. Walikuwepo Baba mkubwa na mke wake, shangazi wawili, binamu zangu wawili wa kiume, Mama na mimi. Mdogo wangu alikuwa ndani, akimgeuza Babu ubavu.

"Hakuna anayekataa kwamba mtoto ana akili," Baba mkubwa alisema. "Lakini mgonjwa haogeshwi na akili. Anahitaji mtu. Na huyu msomi wetu alitufundisha hapa hapa: mkonge hautoi nusu. Unatoa kila kitu ili wengine wasimame. Basi mtoto atakaa na babu yake. Mungu hamtupi mtu wa namna hiyo."

Shangazi mmoja alifuta machozi. Mama alitazama viganja vyake. Binamu zangu, mmoja mwenye bodaboda na mwingine anayesubiri ajira, hawakutazamwa na mtu yeyote. Nami nikanyamaza. Nilijua kwamba sentensi iliyokuwa inamfunga mdogo wangu niliitunga mimi. Nilijua na jambo jingine, baya zaidi: akikaa yeye, mimi nitarudi chuo.

*

Swali lililonikosesha usingizi usiku ule ni jepesi kulisema: je, mmea unaweza kumfundisha mtu namna ya kuishi?

Sisi watu wa Kiswahili tumezoea kujibu ndiyo. Methali zetu ni bustani. Mgomba haushindwi na mkunguwe, tunamwambia mzazi aliyeelemewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, tunamwambia anayedekeza, lakini tukitaka jambo liingie moyoni tunarudi shambani: samadi, mbegu, mizizi, kivuli. Kizazi chetu nacho kina bustani yake, ile ya kwenye simu. Nani hajatumiwa ile video ya msitu, yenye muziki wa kinanda, inayosema kwamba miti huzungumza chini ya ardhi, kwamba mti mama huwanyonyesha watoto wake kwa nyuzi za kuvu, kwamba msitu hauna ubinafsi? Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka kwenye status, nikaandika chini yake: "Tujifunze."

Nyuma ya video ile kuna kazi halisi. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature majaribio waliyofanya Kanada, yaliyoonyesha kaboni ikihama kati ya miche ya miti ya aina mbili tofauti iliyoshirikiana kuvu mizizini. Kuvu wa namna hii si hadithi. Sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu inaishi nao: kuvu wanachota maji na madini mahali ambapo mzizi haufiki, mmea unawalipa sukari. Hata mkonge una wapangaji wa aina hii.

Lakini kutoka hapo hadi mti mama anayewachagua wanawe na kuwalisha ni safari ndefu. Mwaka 2023 watafiti watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, walipitia ushahidi wote na kuandika kwamba madai yamekimbia mbele ya ushahidi. Hasa dai kwamba miti mikubwa msituni huipendelea miche yake yenyewe. Jina la Melanie Jones linanivutia kwa sababu liko pia kwenye ile makala ya 1997. Alirudi kwenye jambo alilosaidia kulizaa na kusema: hatukusema hivyo, au hatukuwa na haki ya kwenda mbali kiasi hicho.

Niliposoma makala yao mara ya kwanza niliona kama ugomvi wa maabara. Baada ya kikao cha Juni niliisoma upya. Maana nami nilikuwa nimesema jambo la kweli kwa namna ambayo ililiruhusu liende mbali.

*

Mazinde iko chini ya Usambara, pembeni mwa barabara inayotoka Segera kwenda Same, baada ya Mombo. Milima imesimama nyuma yetu kama ukuta. Mawingu yanamwaga mzigo wake huko juu, kwa watu wa Lushoto wenye matunda na mboga, sisi tunabaki na jua na upepo. Mahindi yanajaribu bahati. Mkonge haujaribu. Mkonge umefunga vinyweleo vyake mchana kutwa, unavifungua usiku kukiwa na ubaridi, unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi ndani ya jani, kisha asubuhi unafunga tena milango na kutengeneza chakula chake gizani mwa nyumba yake, juani mwa dunia. Ndiyo maana unasitawi mahali ambapo majani mengine yanakuwa karatasi.

Si wa kwetu. Jina lake la kizungu, sisal, limetokana na bandari moja ya Yucatán, Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo elfu moja kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilipofika Pangani vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 yalianza mashamba yaliyokuja kufunika nchi ya Tanga kuanzia pwani hadi huku kwetu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na kuongoza dunia.

Babu naye hakuwa wa hapa. Alitoka Kigoma akiwa kijana wa miaka ya ishirini, kwenye enzi za manamba, wakati mashamba yalikuwa na ofisi yao maalumu ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba. Alipewa kipande cha siku thelathini, na siku haikuhesabiwa mpaka kazi ya siku ile iishe. Alikusudia kukaa miaka miwili. Akaoa, akazaa, akazeeka, kijiji kikamzunguka kama nyasi zinavyozunguka jiwe.

Kwa hiyo mkonge kwetu si mfano wa kuokota. Ni ndugu wa ukoo, mwenye mema yake na mabaya yake. Baba mkubwa aliposema binti atakuwa kama mkonge, hakuna aliyecheka.

*

Niliporudi chuo wiki ile, na kikao kingine kimepangwa baada ya siku kumi, nilifanya alichofanya Melanie Jones. Nilirudi kwenye kile nilichokisema.

Kwanza, mkonge hauanzi kuzaa siku ya kufa. Tangu ukiwa kijana unatoa maotea pembeni, kutoka kwenye mashina yanayotambaa chini ya udongo, huku wenyewe unaendelea kuota majani. Hilo sikulisema barazani. Liliharibu hadithi.

Pili, na hapa ndipo nilipofunika kitabu nikakaa kimya: mkonge ni nadra mno kutoa mbegu. Kikonyo hakitokani na baba na mama. Ni sehemu ya mwili wa mmea ule ule, iliyojitenga na kushika mizizi, karibu nakala kamili. Ukitazama shamba zima la mkonge, hutazami mama na watoto na wajukuu. Kwa kiasi kikubwa unatazama mmea mmoja uliojirudia mara milioni. Mkonge unapokufa chini ya mlingoti wake haujamfia mtu. Umehama nyumba.

Binadamu anayeacha shule ili wengine wasimame hahami nyumba. Mdogo wangu si kikonyo cha Babu, wala mimi si nakala yake. Akibaki yeye, atakayesonga mbele ni mwingine, mwenye mwili mwingine, mwenye cheti chenye jina jingine. Kile nilichokiita kujitoa hakimo kabisa ndani ya mmea. Nilikitia mimi, kwa neno moja tu: mama.

Na hata kama kingekuwemo? Tuseme tumepata mmea unaojitoa kweli kweli. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliona mwaka 1740 kwamba waandishi wa mambo ya maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, na kabla hujashtuka wameshafika kwenye mambo yanavyopasa kuwa, bila kukuonyesha daraja walilopitia. Barazani kwetu daraja lilikuwa neno moja: basi. Mkonge hautoi nusu. Basi mtoto atakaa.

*

Ili kujua kama asili ina fundisho moja, nenda Laikipia, Kenya. Huko kuna migunga mifupi yenye miiba iliyovimba kama vifundo. Chungu hutoboa vifundo hivyo na kuishi ndani, na upepo ukipita kwenye matundu yao, mti unapiga mluzi. Mti unawapa chungu nyumba na utomvu mtamu. Chungu wanaulinda: tembo au twiga akiingiza mdomo, wanamvamia kwa maelfu. Ni mkataba mzuri, ndio unaopendwa na walimu wote.

Watafiti waliweka ua wa umeme kuzuia wanyama wakubwa wasifike kwenye baadhi ya miti. Baada ya miaka kumi walichapisha matokeo, mwaka 2008. Mtu angetarajia migunga iliyopumzishwa na tembo ifurahi. Ilipunguza vifundo, ikapunguza utomvu. Kwa nini ulipe mlinzi na mwizi hayupo? Walinzi wakadhoofika, wakanyang'anywa miti na chungu wa aina nyingine, ambao wao hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mbawakawa, na hawajali mti ukiumwa. Miti iliyolindwa ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa.

Kuna na chungu wengine pale, wanaoukata mti machipukizi yake ya maua mpaka hauwezi kuzaa kabisa, ili uendelee kuwaotea majani na utomvu wao. Na miaka ya karibuni wamefika chungu wageni wenye vichwa vikubwa, wanaowaua walinzi wenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 2024, uliofanyika Ol Pejeta, ulionyesha mnyororo ulivyokwenda: walinzi wakiisha, tembo wanavunja miti, miti ikiisha, mbuga inakuwa wazi, mbuga ikiwa wazi, pundamilia anamwona simba mapema, na simba, akikosa pundamilia, anageukia nyati.

Sasa niambie, fundisho ni lipi? Anayependa ushirikiano atachukua chungu na mgunga. Bosi asiyetaka kulipa atachukua ua wa umeme, aseme raha hudhoofisha. Anayetaka kumzuia binti asiolewe wala asiondoke, awe wa kuhudumia nyumba, atachukua wale chungu wanaokata maua, na ushahidi wake utakuwa wa kisayansi kabisa. Asili inafanya kila kitu. Ukienda kwake kutafuta amri, utarudi na amri uliyokwenda nayo.

Simaanishi kwamba msitu hauna la kutuambia. Unatuambia mambo yanaunganika vipi, nani atalipa tukigusa nini. Mfugaji wa Laikipia anayejua habari za chungu mgeni anajua zaidi namna ya kuishi pale. Ila jambo moja msitu hauwezi kutuambia, nani alipe. Hilo ni la barazani.

*

Nilirudi Mazinde siku moja kabla ya kikao, nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Nilimkuta Baba mkubwa nyuma ya nyumba, penye mgomba wetu mmoja unaoishi kwa maji ya bafuni. Mkungu ulikuwa umekomaa na mgomba umeinama mpaka unatisha. Alikuwa anauegemeza kwa mlingoti mkavu wa mkonge, aliouchonga panda kichwani.

"Shikamoo Baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Shika hapa."

Nikashika. Huku nimeshika nikamweleza yote: maotea, nakala, kwamba mkonge haumfii mtu, kwamba nilikosea kusema mama. Hakunikatiza. Aliposhindilia mlingoti ardhini kwa mguu, alijifuta mikono kwenye kaptula.

"Kwa hiyo Desemba ulitudanganya."

"Nilieleza nusu."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikaa muda mrefu, na mimi, niliyedhani nimeshinda, nikaanza kuhesabu ushindi wangu.

"Mimi nilitolewa shule darasa la sita," alisema. "Walisema baba yako ana akili kunizidi. Na kweli alikuwa nazo. Nikaingia kwenye mkonge, nikamsomesha. Alipokufa nikakusomesha wewe. Mimi nani aliniuliza?"

Sikuwa na jibu.

"Ulipoeleza pale barazani, nikasema moyoni, kumbe kuna mtu ameona." Alinyanyua mkono akaonyesha upande wa mashamba, kisha akaushusha. "Sasa unaniambia hata mkonge haukuwa hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekuja na jibu la swali lisilo lake. Kwangu ule mfano ulikuwa kamba aliyofungwa mdogo wangu. Kwake ulikuwa kitambaa alichofunikia jambo ambalo halikuwahi kupewa jina. Miaka ishirini na tisa ya kukata majani yenye miiba, na kitu pekee kilichofanana na shukrani ni hotuba ya mwanafunzi gizani, iliyomfanya aonekane mkubwa. Na mimi nilikuwa nimeifuata hata hiyo, nikiwa na ushahidi mkononi, nikaichukua.

Nimefikiri sana tangu siku ile kwa nini tunapenda mimea inayojitoa. Nadhani ni kwa sababu mmea hauulizwi, na hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba ulidhulumiwa. Tukimwita mtu mkonge tunamsifu na kumnyamazisha kwa neno moja. Aliyenufaika hapati deni, maana nani anadaiwa na mkonge? Aliyetoa hapati haki ya kulalamika, maana mkonge haulalamiki. Sifa inakuwa ndiyo mshahara. Ukiitazama vizuri, inafanana na kipande cha Babu: siku zimehesabiwa na mhuri upo, lakini jina la mwenye kipande halikumhusu mtu.

Lakini sikuyajua haya nilipokuwa nimesimama pale. Niliuliza tu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuuliza:

"Baba mkubwa, ulitaka kuwa nani?"

Alicheka, akaona haya kama mtoto. "Dereva wa treni," alisema. "Ile ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Tulikuwa tunakimbia nayo mpaka pumzi zinaisha."

*

Sitaki kusema nilimshawishi, sijui kilichomshawishi. Kesho yake kikaoni hakutaja mkonge. Alianza na binamu zangu, mmoja baada ya mwingine, kwa majina, akauliza kila mmoja ana nafasi siku gani. Mwenye bodaboda akasema yeye si mtu wa kuogesha wagonjwa. Baba mkubwa akamwambia hata yeye hakuwa mtu wa kukata mkonge. Mama mkubwa akachukua asubuhi. Mama akachukua siku mbili ambazo haendi Mombo na biashara yake. Mimi nikasema nitaahirisha muhula, nikae mpaka mwisho wa mwaka.

Kisha wakamwita mdogo wangu kutoka ndani na kumuuliza anataka nini. Alishangaa kuulizwa hata akadhani amekosea. Akasema anataka kwenda, ila likizo zote atarudi zamu yake. Alikuwa na fomu ya kujiunga ndani ya daftari, ameikunja mara nne. Mwezi Julai aliondoka na tranka, godoro na ndoo.

Mnaweza kusema, basi wewe ndiye umekuwa mkonge. Nimejiuliza hivyo pia. Niliahirisha kwa hiari au kwa hatia? Sina mizani ya kupima. Najua tu kwamba niliulizwa, kwamba ningeweza kusema hapana na watu wangekasirika lakini wangesikia. Najua pia kwamba kugawana mzigo hakukuufanya uwe mwepesi. Wiki ya tatu Babu alipata kidonda mgongoni, zamu ikiwa yangu. Nilikuwa nasoma, nikachelewa kumgeuza. Shangazi alisema mdogo wangu asingeruhusu jambo lile litokee, na alisema kweli. Mtu mmoja aliyeachiwa kila kitu hufanya kazi nzuri. Ndiyo maana inakuwa rahisi sana kumwachia.

Wahenga waliosema mgomba haushindwi na mkunguwe hawakuwa wajinga wa migomba. Waliijua kuliko sisi. Walijua unainama, walijua upepo ukija unavunjika katikati, na bila shaka nao walikwenda na panda mikononi kuuegemeza. Nadhani methali ile ilisemwa na mtu aliyekuwa ameshashika nguzo. Ikisemwa na aliyekaa, ni maneno mengine.

Jioni, joto likipungua, ni wakati wa kumgeuza Babu. Mwanzoni nilikuwa namgeuza kwa saa: saa kumi ukutani, saa kumi na mbili mlangoni. Sasa nauliza. Ukutani ni kimya. Mlangoni anasikia malori ya Arusha na watoto wa jirani. Anachukua muda kujibu, maneno hayaji, na mara nyingine uji unapoa tukisubiri. Kisha anauinua ule mkono wa kushoto, uliobaki wake, na kuonyesha.

Jana alionyesha ukutani. Nilidhani amekosea, nikamuuliza tena. Akaonyesha ukutani.